Sheria Aliyotuachia Baba Yako

Mpendwa Nakundwa, ndugu yangu wa ziwa moja,

Habari ya msiba imetufikia. Barua yako ilipanda na gari la mboga kutoka Same, na kwa kuwa bahasha uliiandika kwa jina la usharika, ilifunguliwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa kabla sijaigusa. Pole sana. Baba yako alikuwa mtu mzito katika milima hii, na hata wale waliogombana naye walishika tama waliposikia. Hakuna aliyesema neno baya.

Umetuomba jambo moja tu: tumpigie kengele, kama tunavyompigia mshirika yeyote wa usharika huu anapofariki, hata akifia mbali na kuzikwa mbali. Umeandika kwamba mwenyewe aliliomba kitandani. Ni jambo dogo. Kengele ipo, kamba ipo, na wenye nguvu za kuvuta wapo. Lakini wewe umekulia Mhezi, unatujua Wapare. Kwetu hakuna jambo dogo mpaka limekaliwa kikao, na likishakaliwa kikao haliwi dogo tena. Wazee wamekaa, wamebishana mpaka chai ikapoa, na mwisho wakaniachia mimi nikujibu. Mimi ni mzee wa kanisa siku hizi, usicheke. Tena wanasema ziwa moja ni ziwa moja.

Nimewaambia nitaandika barua ya wazi na kuisoma mbele yao kabla haijashuka posta, asije mtu kesho akadai niliandika kingine. Kwa hiyo ukinikuta naeleza mambo unayoyajua, vumilia. Wengine wanaonisikiliza hawakuwepo.

Ulizaliwa masika, barabara ya kushuka Same imekatika kwa maporomoko. Mama yako alishikwa na homa mbaya, maziwa yakakauka. Mama yangu alikuwa na mimi kifuani wakati huo. Akakuchukua, akakupa ziwa moja, mimi nikaachiwa lingine, na mpaka leo anasimulia kwamba ulikuwa mlafi. Anasema baba yako alisimama mlangoni ameshika kofia kwa mikono miwili, hajui aangalie wapi, Mchungaji mzima, mmisionari kutoka Amerika. Mama yako alipopata nafuu, tayari ulikuwa unaitwa Nakundwa, jina la Kipare la mtu aliyependwa. Jina la kwenu likabaki la kwenye cheti.

Wageni wa kwanza kutoka Amerika ninaowakumbuka walikukuta una miaka kama mitano. Walikuletea mdoli, wakakuomba uwaimbie wimbo wa Kiingereza. Ukajificha nyuma ya mama yangu, ukauliza kwa Kichasu, lugha yetu Wapare, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, hawa Wazungu wanataka nini kwetu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba yako peke yake hakucheka. Jioni ile alianza kukufundisha Kiingereza kwa nguvu, na wewe ukawa unakimbilia jikoni kwetu, unakula makande, unajifanya husikii unapoitwa.

Niseme kuhusu baba yako, na nitasema bila kumumunya. Alikuwa mtu wa haki. Mgonjwa akizidiwa, Landrova yake iliwashwa, na hakuuliza mgonjwa ni wa kanisa gani. Alijifunza Kichasu mpaka akaweza kututania nacho, na hilo ni wachache waliotoka mbali waliolifanya. Ila neno lake likishatoka lilikuwa limetoka. Mama yangu alikuwa akisema, huyu Mungu alimuumba akasahau kumwekea shingo ya kugeuka nyuma.

Baba yangu naye unamkumbuka. Alikuwa mzee wa kanisa na balozi wa nyumba kumi kwa wakati mmoja, na Ujamaa ulipoingia wakamfanya mwenyekiti wa kijiji. Hakuona tabu yoyote katika kofia hizo mbili. Kwake, mtu aliyeomba asubuhi ndiye aliyetakiwa kuonekana mchana kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kijiji, ya kuzibua mfereji au kukarabati ndiva. Na ndiva, kwa ajili ya wasioijua, ni bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Bila ndiva, Mhezi ni mawe na upepo.

Nyumba zetu zimetawanyika mgongoni mwa mlima. Siku ambayo watu wote huonekana mahali pamoja ni Jumapili. Ibada ikiisha tulitoka nje, mnada wa sadaka ukaanza, kuku, mayai, mikungu ya ndizi, na mnada ukiisha baba yangu alipanda juu ya jiwe na kutangaza: msaragambo Jumanne, kila nyumba mtu mmoja, jembe au karai. Baba yako alisikia akanyamaza kwa muda mrefu, lakini tangu Azimio la Arusha matangazo yalianza kubadilika. Yakawa yanaanza na “Chama kimeagiza.” Hapo ndipo baba yako alipoita kikao.

Mimi na wewe tulikuwa dirishani, tumesimama juu ya tofali. Unakumbuka? Alizungumza taratibu. Akasema alikotoka yeye, baba yake naye alikuwa mhubiri, na alimwachia neno moja: mhubiri aliyeshika mkono wa mtawala habaki na mkono wa kumshikia maskini. Akasema hana ugomvi na Ujamaa wala na mtu. Anachotaka ni kwamba anayeingia mlango ule aingie akiwa mwenye dhambi tu, asiwe mwenye upande. Madhabahu haina chama, akasema. Wazee wakapenda maneno hayo, na wakapitisha sheria kwa kunyoosha mikono. Ndani ya kanisa lisitangazwe wala kuombewa jambo la chama chochote. Mshirika atakayelifanya atatengwa, hatashiriki meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika. Akifa kabla ya kutubu, hatapigiwa kengele. Baba yangu naye alinyoosha mkono. Nilimwona.

Sasa njoo Jumapili ile ya mvua. Ilinyesha kuanzia alfajiri, na katikati ya mahubiri mtu akaingia amelowa chapachapa, akamnong'oneza baba yangu kwamba ukuta wa ndiva umepasuka. Mvua ya siku moja, na sote tulijua nyuma yake kuna jua la wiki nyingi. Maji yakienda, mahindi yamekwenda. Nje hapakuwa na mnada, hapakuwa na kusimama, watu wangefungua mlango na kukimbilia makwao. Basi baraka ilipotolewa tu, baba yangu akasimama pale pale mbele, chini ya mimbari, akatangaza. Kwa mazoea akaanza na “Chama kimeagiza.” Na kwa vile alikuwa mtu wa utani, akaongeza kwamba Ujamaa ndio hayo hayo tuliyohubiriwa asubuhi, ila wenyewe unakuja na majembe.

Watu wakacheka. Wote tukashuka kwenye ndiva, na baba yako pia, nguo za kazi mwilini, akibeba mawe mpaka jioni. Hilo silisahau. Aliyebeba mawe na baba yangu Jumapili ndiye aliyemwita kikaoni Jumatano na kumtenga.

“Tubu, hata kwa neno moja,” baba yako alimwambia. “Nami nitakushika mkono mbele ya watu.”

“Mchungaji,” baba yangu akajibu, “nitatubu kila dhambi mtakayonikumbusha, na ninazo. Lakini maji si dhambi.”

Ikawa hivyo. Baba yangu akahamia benchi la nyuma la waliotengwa, kati ya mlevi mmoja na binti aliyepata mtoto kabla ya ndoa. Hakukosa Jumapili hata moja. Wakati wa meza ya Bwana mama alikwenda mbele peke yake, akarudi peke yake, na ukienda nyumbani ukawakuta wanakula makande chungu kimoja kama kawaida. Wewe ulikuja kwetu siku zile zile, hukukatazwa. Siku moja ulimuuliza baba yangu kama anamchukia baba yako. Akakuambia, “Mtoto, nikimchukia nani atanikaribisha chai ya Krismasi?” Ukaridhika. Mimi sikuridhika, nilikuwa na hasira nao wote wawili.

Kisha mkaenda likizo kwenu. Mlisema mwaka mmoja. Mama yangu aliwasindikiza mpaka barabara ya chini, na ulipanda gari unalia kwa Kichasu. Mwaka ukapita na mwingine ukapita, halafu tukaletewa mchungaji kijana, Mpare mwenzetu, na tukajua hamrudi.

Watu walidhani sasa mambo ya baba yangu yataisha. Mchungaji kijana alitaka kumrudisha kundini. Wazee wakakataa. Wakasema kesi hufungwa pale ilipofunguliwa, aliyemfunga ndiye amfungue, la sivyo atubu. Mgeni asiyetujua atadhani ni ukatili. Si ukatili, ni ule ugonjwa wetu wa kupenda kesi. Mpare anaweza kukugawia nusu ya mahindi yake akaendelea kukushtaki kwa ajili ya mpaka, na asione ajabu.

Nakueleza sasa jambo ambalo hukuliona, maana mlishaondoka. Ilikuwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu wakiambiwa wahamie vijiji vipya huko tambarare, upande wa Kisiwani. Wengi wa huku juu waliachwa, maana tulishahesabiwa kuwa kijiji tayari, lakini baadhi walipangiwa kushuka. Mjane mmoja, Bi Nanzia, aligoma. Alisema mume wake amelala kwenye migomba ile na yeye hamwachi. Jumapili iliyofuata katibu wa chama akamwomba mchungaji kijana nafasi ya kusema “salamu mbili.” Mchungaji aliogopa, akampa mimbari. Sheria ya baba yako ilikuwa haijafutwa, ila ilikuwa imelala.

Katibu akasoma majina. Akafika kwa Bi Nanzia, akanyoosha kidole, akasema huyu mama anapinga taifa, na anayepinga taifa anampinga Mungu aliyelipa taifa viongozi wake. Bi Nanzia alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo. Hakuinua uso. Na waliokuwa wamekaa naye benchi moja wakasogea, Nakundwa. Hawakuambiwa na mtu. Mmoja alisogea kidogo, wa pili naye akasogea, mpaka yule mama akabaki peke yake katikati ya ubao mtupu. Walikuwa majirani zake wa miaka yote.

Baba yangu akasimama kule nyuma. Kumbuka bado ni mwenyekiti wa kijiji, ni mtu wa chama hicho hicho. Akasema, “Mchungaji, mimi nimetengwa, sina sauti humu. Naomba kuuliza tu. Sheria iko wapi?”

Akauliza tena. Kisha akatoka benchi la nyuma, akapita katikati kwa hatua zake zile nzito, akaenda kukaa na Bi Nanzia. Alasiri ile wazee waliirudisha sheria kwa mikono yote, na haikuchukua muda baba yangu akavuliwa uenyekiti. Nyumbani mama alimuuliza kama amerukwa na akili kuitetea fimbo iliyompiga. Akasema, “Mchungaji alikosea kwangu. Sheria yake haikukosea.” Akaomba chumvi.

Wewe ulianza kuniandikia kwa wingi baadaye, mlipohamia ule mji wa kusini mwa Amerika ambako baba yako alipewa kanisa kubwa. Barua zako nilimsomea baba yangu barazani, alipenda kujua habari zenu. Mwanzoni yalikuwa mambo ya theluji na bei ya nyama. Kisha zikabadilika. Ukaandika kuhusu wahubiri wa televisheni, kwamba sala imefukuzwa shuleni, kwamba mimba zinatolewa kwa sheria, kwamba Wakristo wa Amerika wamelala kwa muda mrefu mno na sasa wameamka. Ukaandika kwamba ukumbini kwenu, baada ya ibada, kuna meza ya kujiandikisha kupiga kura. Mwaka wa uchaguzi ukaandika kwa furaha, na furaha ilionekana hata kwenye mwandiko, kwamba mgombea alikuja mjini kwenu na baba yako akasimama jukwaani akamwekea mikono na kumwombea, na Jumapili yake akawaambia waumini wazi mimbarini ni nani wa kumchagua.

Baba yangu alikuwa anapukuchua mahindi. “Soma tena hapo,” akasema. Nikasoma tena.

“Alitaja jina?”

“Alitaja, baba.”

“Ndani ya kanisa?”

“Mimbarini.”

Akaendelea kupukuchua. Gunzi likaisha, akachukua lingine. Nilingoja acheke, maana ni jambo la kuchekesha ukilitazama kwa mbali, lakini hakucheka. Aliumia. Nilikuwa sijawahi kumwona ameumia kwa kutengwa, ila siku hiyo aliumia.

Mlipokuja kututembelea na wale wageni wenu wenye kamera, nilikupenda kama zamani. Tulikaa jikoni kwetu, moshi ukikutoa machozi, ukanieleza mambo yenu yote. Nataka wazee wajue, na wewe ujue, kwamba nilikusikiliza na sikukupinga kila kitu. Mimi ni mwanamke wa milimani. Mambo mengi mnayoyakataa ninyi, hata sisi hatuyapendi. Ungeyapigia kura Mhezi, nusu yake ungeshinda bila kampeni. Nilikubali pia uliposema kwamba mtu wa Mungu hawezi kufumba macho nchi yake ikipotea. Ni kweli, baba yangu hakufumba.

Kisha ukanisimulia kuhusu familia mbili tatu zilizoacha kuja kanisani kwenu kwa sababu zilichagua upande mwingine. Nikakuuliza, mliwafukuza? Ukasema hapana, waliona wenyewe kwamba watu hawawasemeshi. Ukachochea moto, ukasema, “Afadhali.” Niliinua kifuniko nikatazama makande kama yameiva, na nilijua hayajaiva.

Jumapili baba zetu wakakutana mlangoni mwa kanisa. Walisalimiana vizuri, wakashikana mikono muda mrefu, wazee wawili wenye mvi. Wewe ulikuwa katikati, mimi nyuma ya baba.

“Mchungaji,” baba yangu akasema, “nasikia huko kwenu unaombea wagombea.”

“Kule ni tofauti, rafiki yangu. Tunaliokoa taifa.”

“Hata mimi nilikuwa naokoa mahindi.”

Baba yako akatabasamu, lakini shingo ilikaza. Akasema Ujamaa ulikuwa njia ya watu wasiomcha Mungu, ilibidi kanisa lijilinde. Baba yangu akatikisa kichwa. “Hukuniambia hivyo. Uliniambia madhabahu haina chama. Ungeniambia tangu mwanzo kwamba kosa langu ni kuleta chama kisicho chako, ningekuelewa, tungebishana, tungekunywa chai. Sheria yako sisi tumeitunza, Mchungaji. Imenigharimu. Wewe yako umeiweka wapi?”

Nilimtazama baba yako, na sikuona kiburi usoni pake. Niliona mtu aliyechoka. Baba yangu akamwambia basi amfungue, arudi mezani kabla hajafa. Baba yako akajibu kwa Kichasu, polepole, “Tubu kwanza. Neno moja tu.” Baba yangu akamshukuru kwa kuja, akaingia, akaenda benchi la nyuma. Mmoja wa wageni akakuuliza mzee alikuwa anasema nini. Ukamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee anafurahi sana kuwaona. Nilisikia. Sikukulaumu, ungesema nini pale mlangoni?

Baba yangu alifariki mwaka wa pili wake. Mchungaji alikuja nyumbani kama jirani, amevaa koti, joho ameliacha kanisani. Kengele haikupigwa. Mama alikaa uani siku nzima uso ameuelekeza upande wa kanisa, na kila mtu alijua anasubiri nini, na hakuna aliyethubutu kumwambia asisubiri. Tulimzika kwenye migomba. Bi Nanzia ndiye aliyeanzisha wimbo.

Sasa tufike kwenye ombi lako. Barua yako iliposomwa kikaoni, nilidhani tutapiga kura tukanywe chai. Mzee Elihaki, yule uliyekuwa ukimwogopa kwa sababu ya ndevu, akaomba nafasi. Akauliza, “Marehemu ni mshirika wetu?” Tukasema ndiyo, jina lake halikuwahi kuhamishwa. Akauliza, “Je, aliwahi kuombea chama madhabahuni?” Tukatazamana. Akauliza la tatu, “Alitubu?”

Hakuwa anatania. Ungemwona usingecheka. Mmoja akasema sheria ni ya jengo hili tu. Mzee Elihaki akamwambia mbona mshirika wetu akilewa mjini Moshi tunamtenga Mhezi, au dhambi inahitaji pasi ya kusafiria? Kwa sheria aliyoiandika mwenyewe, baba yako amekufa akiwa ametengwa, na aliyefunga hayupo wa kufungua.

Kisha mwingine akaleta njia ya kutoka. Tuifute sheria, akasema. Imezeeka. Tukiifuta leo, kengele itapigwa kesho kwa Mchungaji, na kwa haki hiyo hiyo itapigwa na kwa baba wa huyu dada yetu. Wote wakanigeukia. Wakaniambia uamuzi ni wangu, kwa kuwa marehemu wote wawili ni wa kwangu. Wangekubali lolote ambalo ningesema.

Nilitaka, Nakundwa. Nakuambia wazi, na wao wananisikia. Mama bado yuko hai, angeisikia kengele ya baba. Nilishafungua mdomo. Lakini katibu wa chama wa sasa ameshatuomba mara nyingi “salamu mbili,” na kila mara tumemwonyesha sheria, na kila mara ameondoka. Nikawaza Bi Nanzia na ule ubao mtupu. Nikawaza na wale wa kwenu ambao hamkuwasemesha, ambao siwajui hata majina, wakikaa nyumbani Jumapili asubuhi.

Nimesema sheria ibaki. Kengele haitapigwa kwa baba yako, na kwa kusema hivyo nimemnyima na baba yangu, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ukiona ni adhabu, si adhabu. Baba yako alitupa kitu kizuri kuliko vyote alivyotuletea, kisha akarudi kwenu akakisahau huku. Sisi tunacho. Mkikihitaji, mje mkichukue.

Nilipomwambia mama, alikuwa anachambua maharage. Akaweka ungo chini. Kisha akajifunga khanga kichwani, akatoka uani, akaanza kumlilia baba yako kwa sauti, kama mama wa Kipare anavyomlilia wa kwake, akimtaja jina, akimtaja na baba yangu, mpaka majirani wakaacha kazi na kuja kujua nani amekufa. Nilimfuata nikamshika bega, nikamwambia mama, kikao kimeshaamua. Akaniambia nikae chini nilie, au nirudi kikaoni.

Nikakaa.

Wako,
Ndugu yako wa ziwa moja,
Mhezi